Dawa ya Mzee Solomon Si Ugoro

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Moraa alimpa baba yake kidonge na uji mwepesi. Waliishi wawili tu katika nyumba ndogo mtaani Stechford, ughaibuni. Mzee Solomon alikuwa na ugonjwa wa Parkinson. Mikono ilitetemeka, miguu ilikakamaa. Mwaka huo wa 2007 hata kumeza kulimshinda. Kidonge kilimkwama kooni, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Jaribu tena, baba."

"Najaribu, mama. Koo ndilo limegoma."

Moraa hakumwambia daktari. Aliogopa wangesema ameshindwa kumtunza, wampeleke mzee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Naye alikuwa amemwahidi marehemu mama yake kwamba baba hatalala kwa wageni.

Moraa alifanya usafi katika maabara ya chuo kikuu. Humo alikuwamo mtafiti aitwaye Rajni, mzaliwa wa Kisumu, aliyependa kuzungumza naye Kiswahili. Siku moja Moraa alimuuliza anatafuta nini.

"Njia ya kupeleka dawa kwenye ubongo kupitia puani," Rajni alisema. "Ubongo una ukuta wa kuulinda. Dawa nyingi zilizo kwenye damu hufika hapo zikazuiwa. Lakini juu kabisa ndani ya pua kuna neva zinazoingia ubongoni."

Moraa hakungoja kusikia zaidi. Kwenye treni alimshukuru Mungu kimoyomoyo. Baba yake alikuwa amevuta ugoro miaka arobaini. Pua yake ilikuwa imezoea kazi!

Jioni alisaga kidonge kwa mgongo wa kijiko mpaka kikawa unga.

"Vuta kidogo kidogo, kama ugoro wako."

Mzee alicheka. "Kumbe ile dhambi aliyonikemea mchungaji ilikuwa dawa?"

Akavuta.

Siku ya kwanza pua ilimwasha. Siku ya pili ilitoka damu. Siku ya tatu, Moraa akiwa kazini, mwili wa mzee ulikauka kama ubao. Alipojaribu kwenda chooni alianguka. Mfupa wa nyonga ukavunjika.

Rajni aliposikia, alikuja hospitalini. Moraa alimweleza yote, akilia.

"Dada yangu, sikukumalizia habari," Rajni alisema. "Sisi hatusagi vidonge. Tunatengeneza chembe za plastiki laini inayoyeyuka mwilini, na dawa tunaiweka ndani yake. Ukipasua unywele mmoja mara mia tano, ndio udogo wa chembe moja. Unga wako ni mawe. Huwasha na kuchubua pua, na dawa haifiki inakotakiwa. Hata chembe zetu bado tunazijaribu kwa panya."

"Kwa hiyo siku tatu hakupata dawa?"

"Hakupata. Ndiyo sababu alikakamaa. Daktari anajua kwamba hawezi kumeza?"

Moraa aliinamisha kichwa. "Niliogopa watanichukulia baba."

Rajni alimshika mkono, wakaenda pamoja kwa muuguzi, Peninah.

"Kumbe ulikuwa ukibeba haya peke yako?" Peninah alisema. "Mgonjwa akishindwa kumeza, tuambie siku hiyo hiyo. Usisage dawa, usiiache, usibadilishe njia ya kuitumia. Tuulize kwanza."

Mtaalamu wa kumeza alikuja, akamfundisha mzee kuketi wima na kunywa vitu vizito kidogo. Daktari akampa vidonge vya kuyeyusha majini, anywe kwa saa zile zile kila siku. Hakuna aliyemchukua. Alirudi Stechford, kitanda chake kikashushwa sebuleni, na mhudumu akawa anakuja asubuhi na jioni. Lakini kutembea hakutembea tena.

Jumapili moja mzee aliuliza, "Hiyo dawa ya Rajni ya puani, itanikuta?"

Moraa hakutaka kumdanganya. "Sidhani, baba. Itachukua miaka mingi."

"Basi panya wamenitangulia," mzee akasema.

Alikunywa dawa yake bila kukohoa. Baada ya nusu saa dawa ilifanya kazi, ulimi wake ukawa mwepesi, akaomba wasali. Tangu mwaka uliopita Moraa hakuwa amemsikia akisali kwa sauti.

"Bwana, wabariki watu wa maabara. Uwape subira. Na watakaougua baada yangu, dawa hiyo iwakute."

Moraa alisema amina, kisha akalaza uso wake juu ya blanketi, kwenye miguu ya baba yake ambayo haikuweza tena kusimama.