Herufi Tatu za Pinki

Stendi ya Korogwe siku ya gulio haina pa kukanyaga. Matenga ya kabichi yameshushwa kutoka Vugiri, makondakta wanagombania mikoba ya abiria, na katikati ya rabsha hiyo Munira alikuwa amechuchumaa nyuma ya pikipiki ya mteja akibandika stika. Akainuka kinyumenyume, akamkanyaga kijana aliyeshuka sasa hivi kwenye basi la Handeni, shati jeupe limepigwa pasi mpaka lina makali.

"Dada, kiatu hicho nimekinunua jana."

"Basi leo kimeuzoea mji."

Kijana, jina lake Rehani, akacheka, akanunua stika na hana hata baiskeli ya kuibandika. Jioni akapiga namba aliyoiona kwenye kibanda cha Munira, kuishukuru stika. Kesho yake akapiga kuuliza kama stika huoshwa kwa sabuni. Ufuta wa Handeni ulipoanza kuvunwa, Munira alikuwa hapati usingizi bila kumsikia akimwita mke wangu wa stendi, naye amjibu, nyamaza, muoaji wa mdomoni.

Ndoa ilikwama kwenye mahari, na mahari ilikuwa inangoja gari. Rehani alikuwa na mnunuzi Tanga, Yordani, aliyetaka Subaru Impreza ile ya juu kabisa, STI. Siyo WRX, dada yake wa chini, ambaye kwa nje wamefanana kama pacha. Akiipata, faida ingetosha kuoa. Basi Rehani, apate pesa za kulinunua kwa dalali, akaliweka rehani shamba la mama yake, Bi Swaumu, alilolilima peke yake tangu afiwe na mume. Mama alikubali kwa sababu mtoto anataka kuoa. Mama gani angekataa?

Siku alipolileta gari, stendi nzima iligeuka. Bluu, magurudumu ya rangi ya dhahabu, linanguruma kama lina kifua. Munira akatoka kibandani, ushungi wa zambarau umemkaa vizuri.

"Panda, mke wangu."

Hakupanda. Alikuwa ameganda nyuma ya buti, anatazama herufi tatu za pinki, S, T na I. I ilikuwa imemeguka chini, na mahali palipomeguka pamejazwa rangi ya kucha. Rangi yake mwenyewe. Majuma machache nyuma dalali mwenye kofia ya kijani alimletea gari hili hili na herufi mkononi, akasema za asili zimedondoka wakati wa kuoshwa. Munira akabandika. Nani humhoji mteja?

"Lina gia ngapi?" aliuliza.

"Tano. Dalali kasema ya sita hujiingiza yenyewe ukipata barabara ndefu."

Enyi wanangu mnaosoma, gia ya sita haijiingizi. STI ya umbo lile ina gia sita, na zote unaziingiza kwa mkono wako. Munira alikuwa amewasikia vijana wa magari wakibishana kibandani kwake mara nyingi. Akamwomba afungue boneti. Kwenye kibati cha namba, ya kweli huandikwa GDB. Hiki kiliandikwa GDA. Akapitisha ukucha kwenye breki, za dhahabu kama za STI, rangi ikatoka maganda.

"Umejuaje?" Rehani aliuliza polepole.

"Herufi nilibandika mimi."

Rehani alimtazama kama mtu asiyemjua. "Mmegawana, wewe na dalali?"

Hakungoja jibu. Dalali hakupatikana tena kwenye simu, na Rehani naye akawa hapatikani kwa Munira. Binti alikonda. Chai ilikuwa inapoa mbele yake, wateja wanaita hasikii.

Simu ya Rehani ilipolia, haikuwa ya mapenzi.

"Yordani anakuja Jumamosi hapo stendi. Nyamaza tu, Munira. Akiondoka nalo, shamba la mama linarudi na wewe unakuwa wangu. Neno moja tu usiseme. Nakuomba, mpenzi, nimekwisha."

Munira alilia mpaka ushungi ukalowa.

Jumamosi Yordani alikuja na mkewe mja mzito, wanataniana. Akasema gari hili atalipandisha milimani kwa mwendo, ndiyo maana anataka breki za ile ya juu. Mkewe akamfinya begani, akasema huyu ataniua. Wakacheka wote, isipokuwa wawili.

Munira akaingia saluni ya jirani, akarudi na kikausha nywele kwenye waya mrefu. Akapiga magoti nyuma ya buti, akazipulizia herufi hewa ya moto.

"Munira," Rehani alinong'ona, "mama yangu atalima wapi?"

Machozi yalikuwa yanamdondokea mikononi, lakini mikono haikusimama. Gundi ikalainika. Akang'oa I, akang'oa T, akang'oa S, akazitia kwenye kiganja cha Rehani. Yordani akatazama, akaelewa. Akamshika mkewe mkono, wakaondoka.

Zikapita wiki kadhaa. Kisha simu.

"Nimeliuza," Rehani alisema. "Mtu wa Hale kaniuliza ni ipi, nikamwambia WRX. Kalichukua kwa bei ya WRX."

"Na shamba?"

"Limerudi nusu. Upande wa mawe." Akavuta pumzi. "Nilikukosea, Munira. Mama anauliza nani kavunja biashara. Nimemwambia ya herufi, ila sijakutaja."

"Usinitaje. Nakuja kujitaja mwenyewe."

Bi Swaumu alikuwa kizingitini anachambua choroko. Munira akapiga goti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye wewe wa herufi?"

"Ndiye mimi, mama."

"Ungenyamaza, ningekuwa na shamba langu lote."

"Ndiyo, mama."

Bi Swaumu akaendelea kuchambua, Rehani amesimama nyuma hajui pa kuweka mikono. "Na mtoto wa mwanamke mwenzangu angekuwa mlimani na breki za kupaka rangi," alisema mwishowe. Akaweka ungo chini. "Mahari haipo. Msimu huu hakuna ndoa. Upande wa mawe ni mgumu, siuwezi peke yangu."

Akawatazama wote wawili.

"Majembe yako nyuma ya mlango."