Kazi Moya

Ijumaa saa nne asubuhi, katika biro, yaani ofisi, ya kuhamisha wagonjwa ya hospitali moja mjini Kalemie, karani Rubens alisema neno moja kwenye simu, na Mama Émérence, aliyesimama mlangoni, akalisikia mara mbili.

"Kazi moya," alisema Rubens akiandika.

"Kazi moya," ikarudia sauti nzito nyuma ya kiti chake, na biro nzima ikanuka karatasi zilizooza. Nyuma ya kiti palikuwa na ukuta tu.

Mume wa Émérence, Papa Apollinaire, fundi wa baiskeli, alikuwa na uvimbe unaobana uti wa mgongo. Daktari alisema wazi: apate mionzi kabla ya siku mbili kwisha, la sivyo miguu itakufa. Mashine ilikuwa ng'ambo ya ziwa, na boti ingeondoka jioni ileile.

"Doktere alisema siku mbili tu," Émérence alinong'ona.

"Mama, wikendi hakuna muntu anatumika kazi. Njo vile banasema kule: tungoje Jumatatu. Kazi moya."

Akafunga biro, akaenda kula. Rubens alikuwa na roho nyeupe kabisa, hakumtakia mtu ubaya, na watu wa namna hii ndio wanaotuzika.

Jumamosi mchana, nyumbani kwao, Apollinaire bado alichezesha vidole vya miguu. Saa nane kitanda kikabonyea, kamba zikalia moja baada ya nyingine kama mtu mnene anayejitafutia mahali pazuri pa kukaa, harufu ile ya karatasi ikajaa chumba, na Émérence akaona shati la mumewe likididimia katikati ya mgongo, taratibu, mpaka vidole vilivyokuwa vikicheza vikatulia.

"Émérence," Apollinaire alisema kwa sauti ndogo, "kuna muntu amenikalia mu mugongo. Umwambie ashuke."

Jumapili alikuja Mama Hortense, mwombeaji wa wagonjwa. Akaomba mpaka jasho likamtoka, akakiuliza kile kitu jina lake. Kikajibu kwa kinywa cha mgonjwa: "Mimi niliandikwa. Aniondoe aliyeniandika." Hortense akatoka bila kuaga.

Jumatatu Émérence alimnyang'anya Rubens simu, akapiga ng'ambo mwenyewe.

"Mama, tulimngoja Jumamosi," alisema muuguzi. "Daktari aliacha mapumziko yake, mashine tuliiwasha kwa ajili yake. Tulimwambia karani wenu: Jumamosi."

Rubens akainamisha kichwa. Alikuwa amehamia mwezi uliopita kutoka Manono, na kwao siku ya kazi moya ni Jumatatu. Alisikia mosi ya Jumamosi, akadhani ni moja, akaandika moya, akaona haya kuuliza. Haya! Swali moja tu lingeokoa miguu ya mtu.

"Leo mtampokea?" Émérence aliuliza.

"Mleteni. Maumivu tutayapunguza. Miguu, mama, siwezi kukuahidi."

Ambulensi haikuwa na mafuta. Émérence alimpeleka Rubens mpaka nyumbani, akamwonyesha kitanda.

"Inama. Utamubeba mpaka bandarini."

Rubens akabeba. Apollinaire alikuwa amekonda, mifupa mitupu, lakini walipofika barabarani mgongo wa karani ulipinda kwa uzito, na pumzi yake ikaanza kunuka karatasi zilizooza.

"Mama," alinong'ona, machozi yakimtoka, "mu mugongo yangu beko bantu babili."

"Ninajua," alisema Émérence. "Tembea."