Miiba ya Roshani ya Malkia

Kila alasiri Kesar alitoka shuleni, akala mkate wa uwele na pilipili, kisha akakimbilia ngomeni. Watoto wengi wa mji wa Khejargarh waliwatembeza watalii, lakini kwa maneno Kesar aliwashinda wote. "Pale juu ndipo malkia alipomngoja mumewe arudi vitani," alisema akionyesha roshani, na wageni wakapiga picha.

Roshani hiyo ya malkia ilikuwa mbovu. Kila asubuhi mlinzi, mzee Bherulal, aliuziba mlango wake kwa matawi ya miiba, kama wafugaji wanavyoziba zizi. Hata mtoto mdogo alijua kwamba penye miiba hapapitwi.

Siku ya sikukuu ya kurusha tiara, wageni walimsihi Kesar awapeleke hapo. Akavuta miiba kando. Walipomsifu, kichwa kikamvimba. Akashuka nao akipiga soga, asikumbuke kuirudisha miiba.

Jioni hiyohiyo binamu yake, Hukam, alipanda ngazi akikimbiza tiara iliyokatika uzi. Hakuona miiba, akapita. Sakafu ikabomoka chini yake.

Hospitalini walimkata mguu. Baba yake, Mangilal, alimkunja shati Bherulal mbele ya watu.

"Ulilala, mzee wewe! Mwanangu atatembea na nini?"

"Niliiweka, Mangilal. Naapa kwa mungu wa ukoo wangu."

"Kumbe miiba siku hizi ina miguu!" mtu mmoja akadhihaki. Polisi wakamchukua mzee.

Kesar alisikia yote, akanyamaza. Aliogopa mno. Asubuhi, akienda shule, alimwona mke wa Bherulal mlangoni pa kituo cha polisi, ameshika chakula kwenye kitambaa. Askari alimfukuza. Bibi kizee akaketi chini na kulia kwa sauti.

Kesar hakufika shule. Alikwenda moja kwa moja hospitalini.

"Baba mkubwa," alisema, "miiba niliiondoa mimi."

Mangilal aliinua mkono ampige. Mkono ukaanguka, akalia. Kitandani, Hukam aligeuza uso ukutani.

Mangilal mwenyewe alimpeleka Kesar kituoni akaseme ukweli. Bherulal alipotoka, jicho lake moja lilikuwa limevimba. Kesar alianguka akamshika miguu.

"Nisamehe, babu."

"Inuka," mzee alisema. "Kuiacha miiba kando ulikosea, mjukuu wangu, na mguu wa Hukam haurudi. Lakini kunyamaza kulikuwa kosa la pili, nalo lilikuwa linanizika mzimamzima. La kwanza lilikuponyoka. Hilo la pili ulilichagua. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, kabla mwingine hajabebeshwa mzigo wako."

Tangu siku hiyo, kabla ya shule, Kesar hupanda ngomeni kumsaidia mzee kuziba roshani. Miiba humchoma viganja. Hukam hupita chini kwa magongo yake, na bado hamsalimu.