Jina Kabla ya Siku ya Nane

Jioni ile nilitumwa maziwa tu. Lita mbili za Gaju, mdogo wangu, aliyejifungua wiki moja nyuma. Duka la maziwa la mtaa wa Batsinda liko chini ya mteremko, dakika tano kutoka kwake. Nilivaa ndala, nikachukua kidumu, nikachukua na simu. Simu siiachi hata nikienda msalani.

Nikiri mapema: mimi ni mtu wa kuposti. Sina biashara, sina umaarufu, napenda tu kupendwa. Wiki nzima nilikuwa nikimposti mtoto wa Gaju. Siku ya kwanza, unyayo wake wa kushoto wenye alama nyeusi. Siku ya tatu, geti lao la bluu. Siku ya tano, kilio chake. Na kila jioni safari yangu ya maziwa, na mioyo myekundu inamiminika.

Gaudiose, mama mkwe wa Gaju, mwanamke aliyekulia Bujumbura, alinionya jambo moja tu.

"Wini, mtoto bado hatujamupa jina. Siku ya munane, watoto ya jirani watakula hapa, kila mutu atasema jina yenye anapenda, kisha baba yake atatoa ile ya kweli. Mbele ya hapo usiitamke kwa watu."

"Kwa nini, mama?"

"Mwenye hana jina, hakuna mwenye anaweza kumuita."

Nilicheka moyoni. Mimi nimekulia Karagwe, Tanzania. Mila nyingi za Rwanda nimezikuta ukubwani, na nyingine nazichukulia mzaha. Mutsinzi, baba wa mtoto, alikuwa kazini Rusizi, na jina alikuwa ameshamnong'oneza Gaju kwa simu. Masikio yangu yalikuwa karibu. Mchana wa siku ya saba nikajirekodi nikimbembeleza mtoto: "Rwema... Rwema wangu, njoo kwa mama mkubwa." Nikaiposti, na kabla jua halijazama, watu elfu mbili walikuwa wameitazama.

Ndiyo jioni hiyo niliyotumwa maziwa.

Dukani kulikuwa na muuzaji, Aimable, na mwanamke mmoja kwenye benchi la kona. Kitenge cha kijivu, kilemba kimeshuka hadi kwenye nyusi. Mbele yake bilauri ya mtindi imejaa pomoni. Nilipopita karibu naye nikasikia harufu ya udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa sasa hivi. Wakati mvua haikuwa imenyesha mwezi mzima.

"Winifred," akasema.

Nikageuka.

"Ile alama ya muguu... iko inafifia?"

Unajua nilifanya nini? Nilitabasamu. Nilijua ni mfuasi wangu. Nikakaa naye, nikajibu kila alichouliza. Ndiyo, Gaju anaendelea vizuri. Hapana, baba atafika kesho. Mtoto halii sana usiku, analala chumba cha nyuma, chenye dirisha linalotazama bondeni. Alikuwa akiuliza taratibu, kwa sauti ya chini, na mimi namwaga tu kama bomba lililopasuka.

"Murakoze," akashukuru. Akainuka, akatoka. Bilauri hakuigusa.

Aimable alikuwa ananijazia kidumu. "Dada, huyo mama ni ndugu yako? Iko hapa tangu asubuhi. Alisema anakungoja."

"Mimi? Alijuaje nitakuja?"

"Alisema wewe mwenyewe unamwambiaga. Kila siku."

Nikachungulia ile bilauri. Mtindi ulikuwa umekauka na kupasukapasuka, na juu yake kulikuwa na udongo.

Nikaacha kidumu. Nikakimbia.

Ule mteremko sijawahi kuupanda vile. Ndala moja ilibaki njiani. Giza lilikuwa linaingia, na kichwani nilikuwa nahesabu nilichompa: geti, mguu, chumba, dirisha. Baba hayupo. Jina.

Geti la bluu lilikuwa wazi.

Gaju alikuwa amelala fofofo. Gaudiose alikuwa jikoni, hajasikia kitu. Nikaingia chumba cha nyuma. Dirisha wazi. Pazia linapepea...

Mtoto alikuwepo. Nilitaka kulia kwa furaha. Lakini alikuwa macho, kimya kabisa, kichwa amekigeuzia dirishani. Mtoto wa siku saba.

Ndipo nikasikia, kutoka gizani huko nje:

"Rwema..."

Kimya.

"Rwema wangu... njoo kwa mama mkubwa."

Ilikuwa sauti yangu.

Gaudiose alikuwa ameshaingia nyuma yangu. Alifunga dirisha kwa mikono miwili, akamnyakua mtoto, akamkumbatia.

"Jina uliambia nani?"

"Watu elfu mbili," nikasema.

Hakunipiga. Heri angenipiga.

Watu wa ulinzi wa mtaa walishuka bondeni na tochi, hawakumwona mtu. Mkubwa wao alisema ni wezi wa watoto, kwamba yule mwanamke aliichezesha video yangu kwenye simu ili atuvute nje. Inawezekana kabisa. Nilijitahidi sana kumwamini. Usiku ule nilifuta kila kitu, akaunti na yote, lakini Gaju aliniuliza kwa upole: "Na wale walioihifadhi ile video?"

Asubuhi Mutsinzi alifika. Watoto wa jirani walikula, wakataja majina yao ya kuchekesha, na baba mtu akampa mtoto jina jipya, la marehemu babu yake: Benon. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote.

Sasa Benon ana miezi kumi na moja. Ukimwita hageuki. Tumempeleka kwa daktari mara mbili. Masikio yake ni mazima. Hajatamka neno lolote, hata "mama".

Alhamisi iliyopita nilikuwa namlisha uji sebuleni. Saa kumi na mbili jioni. Milango imefungwa, televisheni imezimwa, simu yangu haina chaji. Gaju anaoga. Kimya.

Benon aliacha kumeza. Akainua kichwa, akatazama mlangoni. Hapa Rwanda mtoto mwenye adabu akiitwa na mkubwa haitiki "naam". Anasema "karame", yaani uishi sana. Huwa wanafundishwa wakifika miaka mitatu, minne.

"Karame," akasema Benon. Wazi kabisa, kwa heshima.

Mimi sikusikia mtu akimwita.

Akatabasamu, akashuka mapajani mwangu, akaanza kutambaa kuelekea mlangoni.