Feni Iliyozunguka Bila Betri

Betri alikwisha kuitoa. Ilikuwa chini juu ya kipande cha boksi, hatua tatu kutoka kwenye gari, lakini feni ya eisi, ule mtambo wa kupoza hewa ya gari, mbele ya rejeta ilikuwa bado inazunguka, taratibu, kama mtu anayejipepea bila haraka.

Cleopas Odero aliitazama, akajishika kiuno. Alikuwa fundi wa umeme wa magari hapo Nateete mwaka wa kumi na tisa sasa, na kiuno kilikuwa kimeanza kumdai kila boneti aliyowahi kuinamia. Ilikuwa saa saba mchana, jua limekaa juu ya mabati ya gereji, na hakuwa na hamu ya maajabu.

"Nilikuambia, fundi," alisema mwenye gari kwa sauti ya chini. "Hii feni iko na kichwa yake. Nikiwasha eisi, inakataa. Nikizima gari, inazunguka."

Aliitwa Lamunu, mjane wa dereva wa polisi. Gari lilikuwa la marehemu mumewe, stesheni wagoni la zamani, rangi imefifia hata huwezi kuitaja. Kwenye kiti cha nyuma, mlango ukiwa wazi, alikaa mama mkwe wake, bibi Lamwaka, mwembamba, macho amefumba. Figo zake zilikuwa zimekufa. Mara mbili kwa wiki Lamunu alimpeleka hospitali kusafishwa damu, na joto la njiani lilikuwa linammaliza. Ndiyo maana alitaka eisi itengenezwe.

"Daktari anasema anaendelea vizuri," Lamunu alinong'ona. "Lakini akiingia gari anatembea na miguu yake. Akitoka, mimi nambeba. Kila safari. Nimechoka, fundi."

Odero akarudi kazini, maana kazi ndiyo aliyoijua. Fyuzi ilikuwa nzima. Rilei, swichi ya feni, alipoijaribu ikalia tik, safi. Gesi haikuwemo hata kidogo. Mfumo ulikuwa mkavu, pengine kwa miaka. Akafuata waya wa feni kwa kidole, kutoka kwenye plagi yake hadi nyuma ya taa ya kushoto, na hapo akaupata. Umekatika. Ncha zote mbili zilikuwa zimeota kutu ya kijani, kutu ya zamani.

Alikaa juu ya tairi kidogo. Feni ile haikuwa imefikiwa na umeme tangu zamani, na betri ilikuwa chini, na feni inazunguka.

"Mama," alimwambia bibi, "shuka kidogo upumue nje, nione huko nyuma."

Lamunu akamshusha, akamkalisha kwenye benchi. Mguu wa bibi ulipogusa ardhi, feni ikasimama.

Baada ya muda bibi akakumbuka rozari yake ilibaki kitini, akarudi akaketi kuitafuta. Feni ikaanza. Akatoka, ikasimama. Odero akamwomba kwa adabu aingie mara nyingine tu. Ikaanza tena, na safari hii ilizunguka upesi zaidi. Kwa fundi, kitu kikitokea mara moja ni bahati. Kikitokea mara tatu, hapo pana njia ya umeme. Na umeme hauji bure. Kuna mahali unapopungua ndipo ufike unakofika.

Akautazama mdomo wa bibi Lamwaka. Ulikuwa umegeuka rangi ya majivu.

"Mtoe," alisema. "Mtoe sasa hivi. Acha nikae mimi."

Akaingia akaketi pale pale, na kwanza hakukuwa na kitu ila kiti chenye vuguvugu la bibi na harufu ya vumbi, kisha mbele ya gari akasikia feni ikikohoa na kuanza, na kutoka matundu ya dashibodi, katika gari lisilo na gesi wala betri, ukaja ubaridi, ubaridi wa shimo lililochimbwa asubuhi, wenye harufu ya udongo mbichi na nyasi zilizooza, ukampita usoni, ukashuka kifuani, ukazunguka nyuma na kukikuta kiuno chake kinapouma, ukakaa hapo kama kiganja, na uchungu ukaondoka, uchungu wa miaka yote kumi na tisa, na pamoja nao ikaanza kuondoka nguvu ya vidole, na nguvu ya shingo, na jina la mtaa aliozaliwa, na yeye hakujali, maana kulikuwa na mtu ameketi karibu naye upande wa kushoto, karibu sana, anamsemea sikioni kwa upole, pumzika, baba, umechoka, pumzika.

Alipofumbua macho alikuwa amelala kwenye simiti, Lamunu amemshika kola.

"Dakika ngapi?" aliuliza. Ulimi ulikuwa mzito.

"Karibu saa nzima. Nilivuta, nikashindwa, nikavuta tena mpaka ukatoka. Banange, ulikuwa kama jiwe." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Ulikuwa unasema, niache nipumzike. Niache nipumzike. Hiyo ndiyo neno ya mwisho mume wangu Okullo aliniambia kwa simu. Alikuwa barabara ya Gulu, anarudi kutoka kazini, siku tatu hajalala. Nikamjibu umelewa, usinisumbue. Wakamkuta ameketi kwenye usukani wa hii gari, imezimwa, amekufa. Watu wote walisema pombe. Na mimi nikasema pombe."

Odero alimpa kitambaa chake cha kazi ajifute.

Kabla ya saa kumi wifi yake Lamunu, aliyeitwa kwa simu, alifika kwa bodaboda. Huyu ni Rehemah, binti mkubwa wa Lamwaka, aliyesilimu alipoolewa na mwanajeshi Mnubi wa Bombo, na sasa akiuza udi na ubani soko la Owino. Watu wa soko walimwita Hajjati, na wenye matatizo ya namna hii walijua kibanda chake. Alilizunguka gari mara moja, akanusa, akavuta mtandio.

"Hii nyumba ina mpangaji," alisema. "Mama, kaa na mimi hapa mlangoni. Usiingie."

Akawasha makaa chetezoni, akatia ubani, akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti ya chini. Moshi uliingia ndani ya gari na haukutoka. Ukajikusanya kiti cha nyuma, upande wa kushoto, ukawa na mabega.

Feni ikaanza.

"Nani alikuita?" Rehemah aliuliza.

Sauti ilitoka kwenye matundu ya dashibodi, na ilikuwa ya upole hata Odero akatamani kuisogelea. "Okullo aliomba kupumzika. Hakusema anamwomba nani. Nikampa."

Lamunu akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Sasa toka. Yeye hayupo."

"Mama anaomba kila safari. Akitoka hospitali anasema, nipumzishe. Namsikia. Siibi kitu. Napewa."

Rehemah akamgeukia mama yake. Akaweka chetezo chini. "Mama, mimi siwezi kufukuza mtu uliyemkaribisha. Mwambie wewe."

Bibi Lamwaka aligeukia kiti cha nyuma. Alikitazama muda mrefu, na Odero, aliyeonja ubaridi ule, alielewa kwa nini. Bibi alizika mume, alizika mwana, damu yake ilisafishwa na mashine kama nguo. Nani angemlaumu? Feni ikazunguka polepole, ikisubiri. Lamunu akapiga magoti akaushika mguu wa mkwewe.

"Nimechoka, kweli," bibi alisema mwishoni. "Lakini huu uchovu ni wangu. Nilikuwa namwambia Mungu, sikukuambia wewe. Ulichukua mtoto wangu na hakumaliza kusema. Shuka kwa gari yake."

Mlango wa kushoto ukafunguka wenyewe. Gari likanyanyuka kidogo kwenye springi, kama linavyofanya mtu mzito anaposhuka. Mbwa wote wa mtaa wakabweka, kwanza wa karibu, halafu wa mbali, halafu wa mbali zaidi kuelekea barabara kuu, mpaka wakanyamaza.

Odero akaifungua ile feni. Mhimili wake ulikuwa umeganda kwa kutu. Hakuweza kuusogeza hata kwa koleo.

"Nitakutafutia nyingine," alimwambia Lamunu.

"Wacha. Tutafungua madirisha."

Odero akarudisha betri, wakaondoka jua likipungua, bibi Lamwaka kiti cha mbele, akipigwa na upepo wa vumbi usoni, akikohoa na kulalamika kwa Kiacholi. Lamunu alikuwa analia na kuendesha. Rehemah nyuma, katikati, amejitanua kiti chote kusudi pasibaki nafasi.

Odero alifika nyumbani amejikokota. Mkewe Phelister akampokea begi la vyuma, akamtazama.

"Baba, leo umechoka sana."

Akafungua kinywa kujibu, akageuka kwanza kutazama kiti kilichokuwa kando yake, upande wa kushoto. Kilikuwa kitupu. Hata hivyo alishusha sauti.

"La," akasema. "Sijachoka. Nipe chakula."