Birika Lililozima Ploti Nzima

Kila asubuhi, mama yake Caren alitoka saa kumi na moja kwenda kufua nguo katika nyumba za Nyayo Highrise. Caren, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alibaki peke yake katika chumba chao cha Soweto West, Kibera. Alitandika kitanda, akafagia, kisha akachemsha maji ya chai kwa birika la stima.

“Lifute nje kwa kitambaa tu,” mama alimwonya mara nyingi. “Huko chini kuna nyaya. Usilitumbukize majini.”

Jumapili moja maziwa yalimwagikia birika hilo. Caren alikuwa na haraka ya kwenda kucheza, hivyo akalizamisha lote ndani ya karai la maji ya sabuni, akalisugua na kulianika.

Kesho yake alichomeka plagi. Kabla maji hayajapata hata uvuguvugu, tap! Stima ikapotea katika vyumba vyote kumi vya ploti yao. Swichi kuu iliyokuwa ukutani karibu na lango ilikuwa imejizima.

“Nani huyo amezima stima?” watu wakapiga kelele uani.

Caren alichomoa plagi upesi, akanyamaza. Jumanne alijaribu tena, akitumaini birika limekauka. Ikawa vilevile.

Lawama zilimwangukia Mukhwana, fundi cherehani wa chumba jirani, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akipiga pasi saa hizo.

“Ni hiyo pasi yako!” alifoka Ndungu, msimamizi wa ploti. “Usiichomeke tena hapa.”

“Pasi yangu ni nzima, Ndungu. Sasa nitawapelekea watu nguo zilizokunjamana?”

Hakuna aliyemsikiliza. Jumatano Caren alijaribu mara ya mwisho, swichi ikajizima tena, nao wakasema anapiga pasi kisirisiri. Mchana huo mteja mmoja alikuja akachukua vitambaa vyake vyote. Caren alimwona Mukhwana akisimama mlangoni, mikono mitupu. Alitaka kusema, lakini hofu ikamziba mdomo.

Alhamisi Ndungu alichoka kurudisha swichi. Aliunganisha nyaya kando yake ili stima isipitie humo tena. “Sasa haizimi ng’o!” akajisifu.

Jumamosi mama hakwenda kazini, kwani alikuwa na homa. Alijaza birika maji.

“Mama, tutumie jiko la mafuta,” Caren alisema.

“Mafuta yamekwisha. Kwani birika lina nini?”

Caren alitazama sakafu. “Halina kitu.”

Mama akachomeka plagi. Muda mfupi baadaye maji yakaanza kuunguruma. Mama akalishika birika, na mkono wake ukang’ang’ania hapohapo. Mdomo ulifunguka, sauti isitoke. Mwili wote ukatetemeka. Caren alipiga mayowe, akamkimbilia.

“Usimguse!”

Alikuwa Mukhwana. Aliingia na rula yake ndefu ya mbao, akaisukuma swichi ya soketi kwa ncha yake mpaka ikazima. Mama alianguka sakafuni kama gunia.

Mama alirudi kutoka hospitalini siku ya tatu, mkono wa kulia ukiwa umefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko. Siku hiyohiyo majirani, wakidhani nyaya za Ndungu ndizo zilizomchoma, walimwita Wakarima, mama mmoja fundi wa stima kutoka Kawangware. Aliziona nyaya za Ndungu, akazikata kwa hasira.

“Hii swichi hujizima ili mtu asife,” alisema. “Wewe umemfunga mlinzi mikono!”

Ndungu aliinama, akaziokota nyaya zilizokatwa.

Wakarima aliagiza kila kitu kichomolewe katika vyumba vyote, kisha akaanza kupima kimoja kimoja. Redio, sawa. Pasi ya Mukhwana ikapata moto kabisa, na swichi haikutikisika. Watu wakatazamana.

Caren akajitokeza. “Ni birika letu. Nililitumbukiza majini. Nimejua tangu Jumatatu ile.”

Wakarima alilifungua birika upande wa chini. Maji ya kutu yakadondoka, na nyaya zilikuwa zimeungua.

Caren alimgeukia Mukhwana, akamwomba msamaha huku akilia. “Nimesikia,” Mukhwana alisema, akabeba pasi yake akaingia ndani.

Tangu siku hiyo stima haikupotea tena namna ile. Lakini vidole viwili vya mama havikukunjika tena, na zile kazi za kufua alizipoteza. Jioni moja, Caren akimsaidia kuvaa sweta, mama alimwambia:

“Sikukasirikia birika, mwanangu. Kuharibu kitu ni kosa la siku moja. Ukilificha, unalitenda upya kila asubuhi, na wengine ndio wanaolilipia. Siku nyingine ukikosea, niambie siku hiyohiyo, hata kama unaogopa. Hasa kama unaogopa.”