Mhuri Haugongwi Jumapili

Asubuhi ya kwanza, mpini wa mhuri ulikuwa na joto. Theluji imefika madirishani, jiko la ofisi halijawashwa, lakini chuma kina joto kama kiganja cha mtu kimetoka kukishika sasa hivi. Lemuel Stroud, katibu wa jimbo mwaka wa kumi na mbili, akapapasa shingoni. Ufunguo wa ofisi ulikuwepo. Mezani palikuwa na karatasi tupu, imegongwa mhuri wa jimbo. Akajiambia ni mzaha wa makarani.

Makarani gani wenye ubavu huo? Stroud alikuwa mtu wa dini ya kuonekana, wale ambao Jumapili hawapasui hata kuni, wanakula maharage ya jana yaliyopoa na kumshukuru Mungu kwa sauti. Na ilikuwa Jumapili, wiki tatu nyuma, Mehitabel Tuck alipogonga mlango wake, theluji mabegani, mkononi barua ya msamaha wa mwanawe Asahel, wa kunyongwa kesho yake saa sita mchana. Gavana alishatia sahihi. Ulibaki mhuri tu, na bila mhuri gereza halisomi barua.

“Leo Jumapili, mama,” Stroud alimwambia. “Njoo Jumatatu.”

Jumatatu alfajiri akaugonga, vizuri, katikati kabisa. Farasi aliyebeba barua alifika gerezani saa nane mchana.

Asubuhi ya pili karatasi ilinuka kamba mbichi ya katani. Ya tatu ilikuwa na herufi moja chini ya mhuri: P. Ya nne, mbili. Nyumbani, binti yake wa pekee, Philura, akaanza kulalamika koo linambana. Daktari akachungulia, hakuona kitu, akatoa dawa ya kusukutua. Mchungaji akaletwa ofisini. Katikati ya sala mpini ukashuka wenyewe, chuma kikauma meza, naye akachukua kofia.

“Hapa pana mtu, Bwana Stroud,” alinong'ona mlangoni. “Na hakuja kwa ajili yangu.”

Jina la mtoto lilikuwa na herufi saba. Kufikia Jumamosi, za karatasini zilitimia sita.

Jumapili, kengele za kanisa zikilia, Stroud, ambaye hajapata kumtandika farasi siku hiyo tangu azaliwe, alimtandika, akapita mbele ya waumini wenzake bila kuwasalimu, pua imejaa harufu ya katani, machoni bado anauona ule mstari mwekundu ulioizunguka shingo ya Philura alipoamka, mwembamba, kama umechorwa kwa kidole, akaenda hivyo hivyo mpaka kwenye kibanda cha mwisho cha mji, akapiga magoti thelujini kabla hata mlango haujafunguliwa.

Mehitabel alikuwa amekaa, mikono mapajani. Mezani, maharage yaliyopoa.

“Mwambie Asahel aniachie mwanangu,” Stroud alisema kwa sauti ya chini. “Sema tu umenisamehe. Mtoto hana kosa.”

“Wangu naye hakuwa nalo. Gavana aliona hivyo.”

“Neno moja, mama.”

Mama huyo alimtazama bila hasira, kama mtu anayesoma karatasi.

“Leo Jumapili, Bwana Katibu. Njoo Jumatatu.”

Mlango ukafungwa taratibu. Kutoka upande wa nyumba yake, umbali wa maili nzima, Stroud alisikia chuma kikishuka, mara moja. Mhuri ulikuwa ofisini, umefungiwa. Ufunguo ulikuwa kifuani pake, na ulikuwa unamuunguza.